MGONJWA WA GOTI NYUMBANI: RUHUSA YA MWENYEZI MUNGU NA HAKI ZA WATOTO

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa viungo vya kusimamia, kurukuu na kusujudia, na akamwekea njia ya kumwabudu pale viungo hivyo vinapodhoofika. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake, na kila aliyeshika njia yao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Somo hili linahusu jambo linalotokea katika nyumba nyingi, na ambalo wenye nyumba huwa hawaliulizi mpaka limekwisha kuwafika. Nalo ni hali ya mama wa watoto wadogo aliyepasuliwa goti, akarudi nyumbani kuuguzwa. Vipi atajitwaharisha? Vipi ataswali? Na nani atambebea mwanawe? Yaliyomo humu yanamhusu pia baba aliyepasuliwa goti, na bibi anayelea wajukuu, ila mama ndiye aliyechukuliwa kuwa mfano, kwa kuwa mzigo wa watoto humwangukia yeye zaidi.

1. MFANO WA SOMO

Uchukuliwe mfano wa mama mmoja anayeishi Maskati, na wazee wake wako Pemba. Ana watoto wawili: wa kiume mwenye miaka minne, na wa kike mwenye miezi minane ambaye bado ananyonya. Aliteleza katika ngazi, ukakatika ukano mmoja wa ndani ya goti, na tabibu akamtengenezea mwingine kwa kipande cha ukano alichokitoa katika mguu wake mwenyewe. Amerudi nyumbani na magongo mawili, bendeji kwenye goti, na soksi ndefu za kubana miguu ili damu isigande.

Siku ya tatu yalimfika mambo kwa kufuatana. Adhuhuri aliswali kwa kusimama juu ya mguu mmoja, akajilazimisha kurukuu na kusujudu, kwa kudhani kwamba swala ya kukaa ni swala ya mvivu. Alasiri mtoto mchanga alilia, naye akayaacha magongo, akamwinua kutoka sakafuni, goti likalegea, wakaanguka wote wawili juu ya zulia. Mtoto hakuumia, lakini goti lilivimba upya. Usiku mama yake alimpigia simu kutoka Pemba kumjulia hali, akamwambia: "Jikaze, mwanangu. Sisi tukichuma karafuu na mtoto mgongoni." Na mume wake, ambaye si mtu mbaya, alimpa pole, kisha akaenda zake barazani kwa wenziwe kama ilivyo ada yake.

Katika nyumba hii hakuna aliyekusudia ubaya. Hata hivyo kila mmoja wao amekosea, na makosa yao yote yana asili moja: wameiona ruhusa ya mgonjwa kuwa ni aibu, ilhali ni hukumu miongoni mwa hukumu za Mwenyezi Mungu.

2. RUHUSA NI HUKUMU, SI UPUNGUFU WA DINI

Wanavyuoni wamezigawa hukumu mafungu mawili. La kwanza ni azima, nayo ni hukumu ya asili iliyowekwa kwa mwenye uwezo, kama vile kusimama katika swala ya fardhi. La pili ni rukhsa, yaani ruhusa, nayo ni hukumu iliyowekwa kwa sababu ya udhuru, kama vile kukaa kwa yule asiyeweza kusimama. Aliyeweka ya kwanza ndiye aliyeweka ya pili. Basi mgonjwa anayeswali kwa kukaa hakuiacha amri ya Mola wake akafuata matamanio yake. Ametoka katika amri moja, akaingia katika amri nyingine.

Dalili za jambo hili ni nyingi. Katika Suratul Baqara, aya ya 185, baada ya kutajwa mgonjwa na msafiri katika hukumu za kufunga, Mwenyezi Mungu amebainisha kwamba anachowatakia waja wake ni wepesi, wala hawatakii uzito. Katika Suratul Hajj, aya ya 78, amekanusha kuwa ameweka dhiki katika dini. Na katika Suratul Fat-h, aya ya 17, inapotajwa jihadi, kiguu na mgonjwa wameondolewa lawama. Ikiwa mwenye kuchechemea amesamehewa katika jambo zito kama hilo, vipi asisamehewe kusimama mbele ya jiko, au kumbeba mtoto kumpandisha ngazi?

Na iko hadithi aliyoipokea Abu Daud ambayo kila mwenye kuuguza aizingatie. Watu walikuwa safarini, na mmoja wao akapigwa na jiwe, akapata jeraha kichwani. Usiku ule akaota akawa na janaba. Akawauliza wenziwe kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa hawamwonei ruhusa, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwalaumu lawama kali, akawahesabu kuwa wao ndio waliomuua, na akafundisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Wale watu hawakuwa maadui wa yule majeruhi. Walikuwa marafiki zake, na walidhani kuwa wanailinda dini. Basi na atazame mwenye kumwambia mgonjwa "jikaze" asije akawa miongoni mwao bila ya kujua.

Ama mwenye kuchelea kwamba thawabu zake zitapungua kwa kukaa, na atulie moyo. Imepokewa kutoka kwa Abu Musa Al-Ash-ari (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) amewabashiria mgonjwa na msafiri kuandikiwa mfano wa amali walizokuwa wakizifanya walipokuwa wazima na wakiwa majumbani mwao. Mama aliyekuwa akisimama usiku kabla ya kuugua hakupoteza kitu kwa kulala kitandani.

3. TWAHARA YA ALIYEPASULIWA GOTI

Kwanza: Goti haliko katika viungo vya udhu. Viungo vya udhu katika Suratul Maida, aya ya 6, vinaishia kwenye miguu mpaka fundo mbili. Kwa hiyo bendeji iliyofungwa gotini peke yake haimzuilii mgonjwa udhu wake hata kidogo, wala hana haja ya kuifungua. Wako wagonjwa waliotayamamu wiki nzima kwa sababu ya bendeji ya goti, na maji yako mbele yao. Hilo halifai. Asiyeweza kufika kwenye bomba aletewe maji katika beseni, atawadhe akiwa amekaa. Kutawadhia kitandani ni bora pia kwa usalama, kwa kuwa vigae vilivyorowa na magongo havipatani.

Pili: Soksi za kubana. Hapa ndipo penye mas-ala yanayowatatiza wengi. Katika madhehebu ya Ibadhi haifai kupangusa juu ya khofu za ngozi wala juu ya soksi badala ya kuosha miguu, kwa kushikamana na amri ya Qur'ani ya kuosha. Basi ikiwa tabibu ameruhusu soksi zivuliwe kwa muda mfupi kisha zivaliwe tena, na kwa kawaida huruhusu, ni lazima zivuliwe, miguu ioshwe na ikaushwe, kisha zirudishwe. Mgonjwa hawezi kuzivua peke yake bila ya kulikunja goti kwa nguvu, kwa hiyo mume wake au mwingine aliye karibu naye amsaidie. Ama ikiwa tabibu mwaminifu amekataza kuzivua, au kuna bendeji iliyoshuka mpaka wayoni isiyofunguliwa, hukumu yake ni ya banzi linalofungwa juu ya mfupa uliovunjika. Imepokewa kwamba Ali bin Abi Talib alivunjika mkono, akaruhusiwa kupangusa juu ya mabanzi. Mgonjwa ataosha kilicho wazi na kupangusa juu ya kilichofungwa, na mwenye kutaka hadhari akaongeza tayammum hakukosea.

Tatu: Damu. Damu inayochuruzika kutoka katika jeraha hutengua udhu. Lakini jeraha lisilokoma kutoa majimaji na damu halimzuii mgonjwa kuswali. Atalifunga vizuri, atatawadha baada ya kuingia wakati, na ataswali hali hiyohiyo, kwani hakukalifishwa kuizuia damu asiyoweza kuizuia.

Nne: Josho la fardhi. Hapa goti linaingia, kwa sababu josho ni la mwili mzima. Akiwa tabibu amekataza jeraha lisipate maji, mguu ufunikwe kwa mfuko wa plastiki uliofungwa imara juu na chini ya bendeji, mwili wote uliobaki uoshwe akiwa amekaa juu ya kiti cha bafuni, kisha apanguse juu ya bendeji. Ikiwa hata hivyo inachelewa madhara, anatayamamu. Na yule majeruhi wa safarini awe mbele ya macho yake.

4. SWALA YAKE

Imepokewa kutoka kwa Imran bin Husein (R.A.), ambaye alikuwa na maradhi yake, kwamba Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, na asipoweza kwa kukaa, na asipoweza kwa ubavu. Hadithi hii ndiyo msingi wa mlango huu, nayo ina mpango. Mtu hashuki daraja mpaka aishindwe iliyo juu yake, na akiishindwa hang'ang'anii.

Mwenye goti lililopasuliwa mara nyingi anaweza kusimama kwa msaada, lakini hawezi kulikunja. Huyo atasimama kwa takbiri na kisomo, akijitegemeza kwa magongo au ukuta ikihitajika, atarukuu kwa kadiri awezavyo, kisha atakaa juu ya kiti na kuashiria kwa sijda, akiinama kwa sijda zaidi kuliko alivyoinama kwa rukuu. Hana haja ya kuunyanyua mto mpaka usoni. Akiwa amekatazwa kuukanyagia mguu, au maumivu yanamwondolea utulivu wa swala, ataswali yote kwa kukaa. Na mguu ulionyoshwa mbele yake kuelekea kibla si utovu wa adabu, kwani ndivyo ulivyoamriwa ukae na aliyemtibu. Nguvu zikimrudia katikati ya swala, asimame. Zikimwishia, akae.

Ama kukusanya swala, mgonjwa anayo ruhusa ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, katika wakati wa mojawapo ya hizo mbili. Faida yake kwa mwenye soksi za kubana iko wazi: atazivua mara tatu kwa siku badala ya mara tano. Lakini isichanganywe kukusanya na kupunguza. Kupunguza rakaa ni kwa msafiri. Mgonjwa aliye katika mji wake ataswali rakaa nne, nne, ijapokuwa amezikusanya. Ama familia inayoishi Dubai, kwa mfano, ikamleta mgonjwa wao Maskati kwa matibabu, akakaa kwa jamaa zake bila ya kuufanya mji huo kuwa watani wake, huyo ni msafiri, naye atapunguza hata akikaa miezi. Na mpaka wa safari katika madhehebu ni farsakh mbili, nazo zinakaribia kilomita 12.

Mtoto akimlilia mama yake naye yumo ndani ya swala, asihangaike moyo. Imethibiti kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia katika swala akitaka kuirefusha, akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha kwa kumwonea huruma mama yake. Basi mama mgonjwa achague sura fupi, na aswali wakati ambapo yupo mtu wa kumshika mtoto.

5. WATOTO WAKE

Mwili ni amana. Mwenye kuwekewa amana hana ruhusa ya kuiharibu hata kama nia yake ni njema. Na katika maradhi ya goti kuna jambo linalowahadaa wengi, nalo ni kwamba maumivu hupungua kabla ya kupona. Ukano uliopandikizwa huwa dhaifu zaidi katika wiki na miezi ya mwanzo kuliko ulivyokuwa siku uliposhonwa, kwa sababu mwili huutengeneza upya ndani kwa ndani. Ndiyo maana matabibu huwazuia wagonjwa wao michezo ya kukimbia na kugeuka kwa ghafla kwa muda wa miezi tisa hivi, au zaidi. Mama anayejiona amepona katika wiki ya sita, akamwinua mtoto mzito huku amejipinda, huenda akaupoteza ukano ule na kurudi hospitali mara ya pili.

Basi asimwendee mtoto, mtoto ndiye aletwe kwake. Mama atakaa kwanza, ataegemea vizuri, mguu wake uwe juu ya mito, ndipo mtoto awekwe mapajani mwake upande wa mguu mzima, au alazwe ubavuni pake anyonye. Hakumnyima mwanawe kitu. Mtoto haki yake ni maziwa, kifua na sauti ya mama yake, na vyote hivyo vinapatikana kwa kukaa.

Mtoto mkubwa kidogo aambiwe kweli. Abu Daud amepokea kwamba mama mmoja alimwita mwanawe mdogo kwa kumwahidi kitu, na Mtume (S.A.W.) akamuuliza amekusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Akamjulisha kwamba lau hangempa kitu, angeandikiwa uwongo. Hadithi hii na izingatiwe na mama anayemwambia mtoto wa miaka minne "kesho nitakubeba", naye anajua kwamba kesho hatambeba. Bora amwambie: "Mguu wa mama umeshonwa. Siwezi kukubeba sasa, lakini njoo ukae hapa nikukumbatie." Achorewe karatasi yenye vijumba vya siku, akate kimoja kila baada ya Magharibi. Mtoto hustahamili jambo lenye mwisho unaoonekana.

Na apewe kazi ya umri wake: kuleta bilauri ya maji ya plastiki, kuokota vitu vya kuchezea njiani ili mama asijikwae, kumpa mama tasbihi yake. Mwenye kufundishwa kumhudumia mzazi akiwa na miaka minne, wema kwa wazazi ulioamrishwa katika Suratul Israi, aya ya 23 na ya 24, hautamwia mzito akiwa na miaka arobaini. Ila magongo si kitu cha kuchezea, na ashikwe mkono asimpandie mama yake gotini.

Jambo la dawa lina hatari kubwa zaidi. Dawa kali za maumivu na dawa za kuzuia damu isigande zinaweza kumuua mtoto mdogo. Zifungiwe kabatini juu, wala zisiwekwe chini ya mto wala katika mkoba. Mama anayenyonyesha amjulishe tabibu kabla ya kuandikiwa dawa. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba mama anayenyonyesha asitumie kodeini wala tramadoli, kwa kuwa zinaweza kumdhuru mtoto. Na aliyemeza dawa inayoleta usingizi mzito asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga.

6. HAKI JUU YA WALIO KANDO YAKE

Aliulizwa Bibi Aisha (R.A.) juu ya mambo aliyokuwa akiyafanya Mtume (S.A.W.) nyumbani kwake, akaeleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Ikiwa hiyo ndiyo hali yake na wake zake ni wazima, itakuwaje mke akiwa ni mgonjwa? Mume anayemvua mkewe soksi, akamletea maji ya udhu, akambadilisha mtoto nepi, hakushuka cheo. Ameshika sunna ya Mtume wake, na ametekeleza amri ya kuishi na mke kwa wema iliyomo katika Suratun Nisai, aya ya 19. Pole ya ulimi ni sadaka, lakini haimwinui mtoto kutoka sakafuni. Waliokaa kwenye viti vya ukadhi wanajua kwamba nyumba nyingi hazivunjwi na jambo kubwa. Mke husahau ugomvi, lakini hasahau siku aliyoanguka naye yuko peke yake.

Mtumishi wa nyumbani naye ana haki. Kazi zake zikiongezeka kwa sababu ya ugonjwa, basi aongezewe ujira na asinyimwe mapumziko yake. Haimpasi mwenye nyumba kujipatia ruhusa yeye kwa kumbebesha mwingine dhiki.

Ama jamaa na majirani, kumzuru mgonjwa ni katika haki za Mwislamu juu ya Mwislamu. Huko Unguja na Pemba mgonjwa huzungukwa na mama zake, shangazi zake na wifi zake, mmoja akipika na mwingine akioga mtoto. Katika nchi za Ghuba familia nyingi hazina watu hao karibu, kwa hiyo haki hiyo inawaelemea majirani zaidi. Ziara iwe fupi, na mzuri katika wageni ni yule anayekuja na chungu cha chakula, au anayewachukua watoto saa mbili akacheza nao. Anayekaa mpaka usiku akingoja kahawa, mgonjwa ndiye aliyemzuru yeye.

7. SUBIRA NA MAZOEZI

Subira si kulala bila ya kutikisika. Nabii Ayyub (A.S.), naye ni kigezo cha wenye kusubiri, alipomlilia Mola wake, aliamrishwa aupige mguu wake ardhini, yakatoka maji ya kuogea na kunywa. Khabari hiyo imo katika Surat Sad, aya ya 41 na ya 42. Mwenyezi Mungu ni Muweza wa kumponya bila ya yeye kutikisa kidole, lakini alimtaka autie mguu wake sababu. Basi mgonjwa wa goti anayeacha mazoezi aliyofundishwa, akasema amemwachia Mungu, hakuifahamu tawakkali.

Goti lisilonyoshwa hukakamaa. Anapopumzika, mto uwekwe chini ya kisigino, usiwekwe chini ya goti, ili mguu upate kunyoka. Barafu ifungwe katika kitambaa na iwekwe dakika 15 hadi 20, wala isigusane na ngozi. Kwenye ngazi ashike kanuni hii: kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia mguu mgonjwa pamoja na gongo. Kukaa chini kwenye mkeka na choo cha kuchuchumaa aviache mpaka aruhusiwe. Mama akitafuta wa kumsimamia mazoezi, atangulize mwanamke. Asipompata, dharura hukadiriwa kwa kiasi chake: huwepo mahram wake, na hufunuliwa panapohitajika tu.

Na ziko dalili zisizongojewa kesho. Shavu la mguu likivimba, likauma na kuwa la moto, huenda damu imeganda. Pumzi zikibana au kifua kikiuma ghafla, aitiwe gari la wagonjwa saa hiyohiyo. Homa, usaha au wekundu unaotambaa kutoka jerahani ni dalili za uchafu kuingia. Kuyanyamazia haya kwa jina la subira ni kujitia katika maangamivu kwa mikono ya mtu mwenyewe.

8. HITIMISHO

Turejee kwenye nyumba ya Maskati. Laiti mama yule angaliswali Adhuhuri na Alasiri pamoja juu ya kiti, na mtoto akaletwa kwake badala ya yeye kumwendea, swala yake ingalitimia na goti lake lingalisalimika. Laiti mama yake wa Pemba angalimwambia: "Kaa, mwanangu, Mungu amekupa ruhusa." Na laiti mume wake angaliiacha baraza wiki sita, ingalimngojea, kwani baraza haihami. Ruhusa ya Mwenyezi Mungu ni zawadi, na zawadi ya Mfalme hairudishwi mlangoni.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini bendeji ya goti peke yake haimzuii mgonjwa kutawadha?
2. Ni lini soksi za kubana huvuliwa kwa udhu, na ni lini huchukua hukumu ya banzi?
3. Ni ipi tofauti baina ya kukusanya swala na kupunguza? Mgonjwa aliye katika mji wake anayo ruhusa ya lipi?
4. Wale waliomkataza majeruhi kutayamamu walikosea wapi, na ni nani anayefanana nao leo?
5. Taja mambo matatu ambayo mume anaweza kuyafanya leo hii ili mkewe mgonjwa asilazimike kusimama.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Kiislamu, awape subira wenye kuwauguza, na awajaalie watoto wao kuwa miongoni mwa wenye kuwatendea wema wazazi wao. Wabillahi Ttawfiq.